Kuchora Uwanja wa Mpira wa Miguu na Kupanga Timu: Mwongozo kwa Shule na Mitaa

Mpira wa miguu una kanuni 17 tu, na nyingi kati ya hizo mtu huzielewa upesi zaidi akiwa amesimama uwanjani kuliko akiwa amekaa darasani. Kanuni ya kwanza kabisa inahusu uwanja, na naona inastahili kutangulia, kwa sababu mistari ndiyo inayompa kipa mipaka ya kudaka mpira, ndiyo inayoigeuza faulo ya kawaida kuwa penalti, na ndiyo inayoamua kama mpira umetoka au bado unachezwa. Magomvi mengi ya mechi za mchangani huanzia kwenye mstari ambao haukuchorwa, au uliochorwa kwa kukadiria hatua za miguu. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa michezo, kiongozi wa timu ya mtaa, au mzazi aliyepewa kazi ya kuandaa uwanja na timu kwa mara ya kwanza. Tutaanza na kamba na chokaa, kisha tutaingia kwenye kanuni, na mwisho tutawapanga wachezaji.

Hatua ya kwanza: kupata pembe nne

Kanuni zinaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, mradi urefu uzidi upana. Mechi za kimataifa zina masharti makali zaidi: urefu wa mita 100 hadi 110 na upana wa mita 64 hadi 75. Viwanja vikubwa vya siku hizi kwa kawaida huwa na mita 105 kwa 68. Kwa shule au mtaa wenye eneo la kutosha napendekeza mita 100 kwa 64, na vipimo vyote vitakavyofuata vimekokotolewa kwa ukubwa huo.

Ikiwa eneo linakupa nafasi ya kuchagua, goli moja liwe upande wa kaskazini na jingine upande wa kusini. Mechi zetu nyingi huanza saa kumi jioni, wakati jua limeshaanza kuinama magharibi, na kipa anayelitazama jua hilo moja kwa moja hawezi kuuona vizuri mpira wa juu unaomjia.

Andaa tepu ndefu ya kupimia, kamba ya nailoni isiyovutika, vigingi, nyundo, ndoo na chokaa. Pigilia kigingi cha kwanza mahali itakapokuwa kona, kisha nyoosha kamba kufuata upande mrefu wa uwanja na kamba nyingine kufuata upande mfupi. Pima mita 8 kwenye kamba ya upande mrefu na utie alama, pima mita 6 kwenye kamba ya upande mfupi na utie alama, halafu pima umbali kati ya alama hizo mbili. Ukipata mita 10 kamili, kona yako iko sawa. Ukipata zaidi ya 10 imepanuka, na ukipata pungufu imebana, kwa hiyo sogeza kamba ya upande mfupi mpaka kipimo kikae. Mafundi ujenzi hutumia njia hiyohiyo kuweka msingi wa nyumba kwenye skwea, na kama yupo fundi jirani, mwombe akusaidie kwa saa moja.

Baada ya kupata kona zote nne, pima mshazari: kutoka kona moja hadi ile inayoikabili kwa mbali, kisha rudia kwa kona mbili zilizobaki. Kwa uwanja wa mita 100 kwa 64 kila mshazari unapaswa kuwa karibu mita 118.73. Jambo la maana zaidi ni kwamba mishazari yote miwili ilingane, kwa sababu isipolingana uwanja umepinda hata kama pande zake zina urefu sahihi.

Hatua ya pili: mistari ya ndani

Pima mita 50 kwenye kila mstari wa pembeni na uunganishe alama hizo. Huo ndio mstari wa katikati. Pigilia kigingi katikati yake, yaani mita 32 kutoka pembeni, funga kamba yenye urefu wa mita 9.15, uivute ikaze, kisha uizungushe huku mwenzako akitia alama. Hapo utakuwa umepata duara la katikati.

Kazi inayowashinda wengi ni maeneo mawili yaliyo mbele ya goli, kwa sababu vipimo vyake huhesabiwa kuanzia upande wa ndani wa kila nguzo. Njia rahisi ni kuinyoosha tepu juu ya mstari wa goli kuanzia kona moja na kutia alama zote kwa mpigo mmoja. Kwa upana wa mita 64, eneo la penalti huanza kwenye mita 11.84, eneo dogo la goli huanza kwenye mita 22.84, na upande wa ndani wa nguzo ya kwanza huwa kwenye mita 28.34. Upande wa ndani wa nguzo ya pili uko kwenye mita 35.66, eneo dogo huishia mita 41.16, na eneo la penalti huishia mita 52.16. Kutoka alama za eneo dogo ingia uwanjani mita 5.5, na kutoka alama za eneo la penalti ingia mita 16.5, kisha unganisha.

Angalia sana hapo. Watangazaji wetu wa redio husema mchezaji amepiga shuti "nje ya kumi na nane", na watu wengi waliokua wakiwasikiliza hupima mita 18. Namba hiyo ni ya yadi, kipimo cha Waingereza walioandika kanuni za mwanzo mwaka 1863, na yadi 18 ni kama mita 16.5. Ndiyo maana vipimo vya uwanja vina desimali zisizo za kawaida: upana wa goli wa mita 7.32 ni yadi 8, na mita 9.15 za duara ni yadi 10.

Alama ya penalti huwekwa mita 11 kutoka katikati ya mstari wa goli. Ukiwa na kamba ileile ya mita 9.15, simamisha kigingi kwenye alama hiyo na uchore tao dogo nje ya eneo la penalti. Tao likikutana na mstari wa eneo la penalti umbali wa karibu mita 7.31 kila upande wa katikati, ujue vipimo vyako ni sahihi. Kazi ya tao hilo ni moja tu: kuwaweka wachezaji wengine umbali unaotakiwa wakati penalti inapigwa. Kipa haruhusiwi kudaka mpira ndani yake, kwa sababu si sehemu ya eneo la penalti.

Kwenye kila kona chora robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 1 na usimamishe kibendera chenye mti usiopungua mita 1.5. Ncha ya mti huo isiwe kali, maana mchezaji anaweza kuuangukia.

Mistari yote iwe na unene mmoja usiozidi sentimita 12. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupakia kuta, wala usikubali chokaa hai, kwa kuwa inaunguza macho na ngozi ya mchezaji anayeanguka juu yake. Ikoroge mpaka iwe nzito kama uji, itie kwenye kopo lililotobolewa kitako, na umwage ukifuata kamba huku ukirudi kinyumenyume, ili usiukanyage mstari ambao bado ni mbichi. Majivu yanatosha kwa mechi moja. Oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu huitumia kwa sababu haiondoki na mvua, inaua nyasi na kuchafua udongo, kwa hiyo iachwe kabisa.

Hatua ya tatu: magoli

Kati ya nguzo na nguzo, kwa upande wa ndani, kuwe na mita 7.32. Kutoka ardhini hadi upande wa chini wa mtambaapanya kuwe na mita 2.44. Ukitumia mirunda, tafuta yenye urefu wa mita 3 au zaidi kidogo ili sehemu ya chini izame ardhini kiasi cha sentimita 60 na kushindiliwa kwa mawe. Unene wa nguzo na mtambaapanya haupaswi kuzidi sentimita 12, na mstari wa goli uwe na unene uleule wa nguzo.

Magoli ya chuma yanayohamishika ni lazima yafungwe ardhini au yawekewe uzito nyuma kabla mtoto yeyote hajaingia uwanjani. Watoto hupenda kuning'inia kwenye mtambaapanya, na goli lisilofungwa likipinduka linaweza kuua. Katika mwongozo huu wote hakuna agizo ninalolitilia mkazo kuliko hili.

Hatua ya nne: kuanza mechi na kurudisha mpira uliotoka

Kila timu huingia na wachezaji 11, mmoja wao akiwa kipa, na mechi haiwezi kuanza wala kuendelea ikiwa timu ina wachezaji chini ya 7. Mechi ya watu wazima ina vipindi viwili vya dakika 45, na mapumziko yasiyozidi dakika 15. Mpira wenyewe una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Watoto wadogo wapewe mpira mdogo zaidi, vipindi vifupi na uwanja uliopunguzwa.

Refa hurusha sarafu, na timu inayoshinda huchagua ama kuanza na mpira ama goli itakalolishambulia kipindi cha kwanza. Wapinzani wa timu inayoanza husimama nje ya duara la katikati mpaka mpira uguswe. Tangu mwaka 2016 mpira wa kuanzia unaweza kupigwa upande wowote, hata kurudishwa nyuma.

Mpira huhesabiwa umetoka pale tu unapokuwa umevuka mstari wote, ama ukiwa chini ama ukiwa hewani, kwa sababu mstari ni sehemu ya eneo unalolizunguka. Kanuni hiyohiyo hutumika kwenye goli: mpira uliosimama juu ya mstari si goli. Hutumika pia kwenye eneo la penalti, na faulo ya kumwangusha mtu juu ya mstari wa eneo hilo ni penalti.

Ukitokea pembeni, mpira hurushwa na timu ambayo haikuugusa mwisho. Mrushaji huutazama uwanja, hushika mpira kwa mikono miwili, huutoa nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake, na sehemu ya kila mguu iwe inagusa ardhi, juu ya mstari au nje yake. Akiinua mguu mmoja, nafasi ya kurusha inahamia kwa wapinzani. Ukitoka kwenye mstari wa goli baada ya kuguswa mwisho na mshambuliaji, bila kuwa goli, ni goli kiki. Ukiguswa mwisho na mlinzi, ni kona.

Hatua ya tano: kuotea

Kanuni hii inahitaji subira, na ningemshauri mwalimu aifundishe uwanjani kwa kuwasimamisha wanafunzi mahali pao, mmoja baada ya mwingine.

Mchezaji yuko katika nafasi ya kuotea ikiwa mambo matatu yanakutana kwa wakati mmoja: yuko kwenye nusu ya uwanja ya wapinzani, yuko karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira, na yuko karibu na mstari huo kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Sehemu zinazohesabiwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu, mikono haihesabiwi. Akiwa sambamba na mpinzani huyo wa pili, hajaotea.

Simamisha kipa kwenye mstari wa goli. Beki mmoja asimame mita 15 kutoka mstari huo, na mabeki wengine wote wawe mbali zaidi. Mpinzani wa mwisho ni kipa na wa pili ni beki huyo. Sasa mweke mshambuliaji mita 12 kutoka mstari wa goli, na umpe winga mpira akiwa pembeni, mita 30 kutoka mstari huohuo. Winga akimpigia pasi mshambuliaji naye akaicheza, ameotea. Lakini winga akikokota mpira mpaka mita 5 kutoka mstari wa goli, halafu akaurudisha nyuma kwa mshambuliaji yuleyule aliyebaki kwenye mita 12, hajaotea, maana wakati pasi inatoka alikuwa nyuma ya mpira. Wanafunzi wakishaiona tofauti hiyo kwa macho yao, sehemu kubwa ya kanuni imeshaeleweka.

Yamebaki mambo machache. Kinachotazamwa ni mahali mchezaji alipokuwa mwenzake alipougusa mpira, na si mahali alipoupokelea. Kusimama katika nafasi ya kuotea si kosa mpaka mchezaji aucheze mpira huo, amsumbue mpinzani, au afaidike kwa kuwa mahali hapo. Hakuna kuotea kwa mchezaji anayeupokea moja kwa moja mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Kipa naye hana upekee wowote katika hesabu hii: akiwa amepanda mbele kusaidia kona ya dakika za mwisho, wapinzani wawili wa mwisho huwa ni mabeki.

Kwa sababu hiyo mshika kibendera hukimbia pembeni akilingana na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au akilingana na mpira ukiwa karibu zaidi na goli. Mechi ya mtaa isiyo na waamuzi waliosomea inaweza kupata watu wawili makini wa kufanya kazi hiyo, mmoja kila nusu, na uamuzi utakuwa bora mno kuliko wa refa mmoja anayekisia kutoka katikati.

Hatua ya sita: faulo na kadi

Kumpiga teke mpinzani, kumpiga ngwara, kumsukuma, kumshika au kuushika mpira kwa makusudi huadhibiwa kwa pigo la moja kwa moja, ambalo linaweza kuingia golini bila kuguswa na mwingine. Kosa hilo likifanywa na mlinzi ndani ya eneo lake la penalti, ni penalti. Makosa mengine, kama vile kuotea au mchezo wa hatari usiomgusa mtu, huadhibiwa kwa pigo lisilo la moja kwa moja, na refa huliashiria kwa kunyoosha mkono juu mpaka mpira uguswe na mchezaji wa pili. Wapinzani hukaa umbali wa mita 9.15 katika yote mawili.

Kipa anabanwa na kanuni mbili ambazo makipa wa mitaani husahau. Tangu mwaka 1992 haruhusiwi kudaka mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi. Na kuanzia msimu wa 2025/26 akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Refa humwonyesha kwa vidole sekunde 5 za mwisho.

Kadi ya njano ni onyo, kadi nyekundu ni kutolewa, na njano mbili kwa mchezaji mmoja katika mechi moja ni nyekundu. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico, zikiwawezesha wachezaji na waamuzi wasiozungumza lugha moja kuelewana.

Hatua ya saba: kuwapanga wachezaji

Afrika Mashariki tumezoea kuzitaja nafasi kwa namba, hata kama jezi ya mchezaji ina namba nyingine. Namba moja ni kipa. Namba mbili ni beki wa kulia na namba tatu beki wa kushoto. Namba nne na tano ni mabeki wa kati, sita ni kiungo mkabaji, saba ni winga wa kulia, nane ni kiungo anayepanda na kushuka, tisa ni mshambuliaji wa kati, kumi hucheza nyuma yake, na kumi na moja ni winga wa kushoto.

Vijana karibu wote watataka namba tisa, nafasi iliyompa jina Mbwana Samatta hadi akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Wewe anza na kipa. Usimpeleke golini mchezaji aliyekosa nafasi kwingine. Tafuta kijana asiyeogopa mpira, anayeona uwanja wote na mwenye sauti ya kuwapanga mabeki wake. Denis Onyango wa Uganda, bingwa wa Afrika mwaka 2016 akiwa na Mamelodi Sundowns, anaonyesha jinsi kipa anavyoweza kuibeba timu.

Kisha chagua mabeki wa kati wawili wanaoelewana, mmoja akienda kukaba na mwingine akibaki kumfunika. Baada yao mtafute namba sita, ambaye kwa maoni yangu ndiye mchezaji anayethaminiwa chini ya stahili yake katika soka la mitaani. Husimama mbele ya mabeki, huziba njia ya kupita katikati, huupokonya mpira na kuutoa kwa pasi fupi bila mbwembwe. Victor Wanyama wa Kenya aliifanya kazi hiyo Southampton na Tottenham kwa miaka mingi, na kijana anayetaka kuijifunza amtazame alikuwa anasimama wapi wakati hana mpira.

Mabeki wa pembeni wawe na pumzi, kwa kuwa hupanda kupiga krosi na kurudi kukaba. Mawinga wasimame karibu na mistari ya pembeni timu inapokuwa na mpira, ili uwanja uwe mpana na mabeki wa wapinzani walazimike kuachana. Namba nane na kumi ndio wanaounganisha pande mbili za timu, na namba tisa humalizia.

Kwa timu inayoanza napendekeza mpangilio wa 4-4-2: mabeki wanne, viungo wanne wakiwemo mawinga wawili, na washambuliaji wawili, yaani tisa na kumi. Kila mchezaji anaona mwenzake wa kulia na wa kushoto, na majukumu yanaeleweka siku hiyohiyo. Waambie wasiachane: kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele pasizidi sana mita 35, na mistari yote mitatu ipande na kushuka kwa pamoja. Timu ikishazoea, unaweza kujaribu 4-3-3, ambayo huwapa mawinga uhuru zaidi lakini huwadai viungo watatu wakimbie sana.

Mchezaji wako akitolewa kwa kadi nyekundu, mpunguze mshambuliaji mmoja na ucheze 4-4-1. Aliyetolewa akiwa beki wa kati, mwingize beki wa akiba mahali pa mshambuliaji huyo, au umshushe namba sita kwenye ngome na namba kumi ashuke kuziba pengo la kiungo. Akiwa ni kipa, fanya mabadiliko yaleyale kwa kumwingiza kipa wa akiba. Kama huna kipa wa akiba au nafasi za kubadilisha zimekwisha, mchezaji yeyote wa ndani avae jezi ya rangi tofauti na ya timu zote mbili, asimame golini, na refa ajulishwe kabla mchezo haujaendelea.